Moto Chini ya Ngoma

Wanawake waliokwenda kukata majani ya ng'ombe ndio waliomwona kwanza. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya jabali, nje kidogo ya Wundanyi, shati jekundu la jukwaani likiwa limelowa chepechepe. Mmoja alipiga kelele. Mwingine alimtambua, akakaa chini kwenye majani aliyoyakata.

Ni Sylus, mwimbaji na mpiga gitaa wa Vuria Roots. Miaka ishirini na sita. Bendi yake ilikuwa imevika ngoma ya milimani gitaa la umeme, na kwa mwaka mzima vijana wa Voi walijaza kumbi kumsikiliza. Baada ya wiki mbili wangepiga Nairobi kwa mara ya kwanza.

Inspekta Nanzala, mpelelezi wa mauaji kutoka Voi, alifika saa tatu asubuhi ya Jumapili. Hakuupenda ukungu wa huko juu. Ulimfanya ahisi kuna mtu nyuma yake, naye ni mtu wa kuzaliwa Bungoma, si mwoga.

"Ameteleza, Afande," alisema Koplo Nzomo. "Mvua ilinyesha jana jioni."

"Mtu akiteleza hushika chochote. Hii mikono haina hata mchubuko."

Daktari aliyeipasua maiti alimuunga mkono Nanzala. Sylus alipigwa kisogoni kwa kitu kizito kabla hajaanguka, kati ya saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni Jumamosi. Ndani ya jeraha mlikuwa na masizi.

Kufikia Jumatatu mshukiwa alikuwa ndani. Calvince, mpiga besi, mtoto wa mfanyakazi wa reli, alikuwa amegombana na Sylus mbele ya watu. Na saa kumi Jumamosi alionekana kwenye steji ya matatu Wundanyi.

"Ulifuata nini huko?" Nanzala alimuuliza.

"Kumwomba msamaha. Nilimtusi, Madam. Nilienda kwao nikamkosa."

"Mligombania nini?"

"Alitaka kwenda Nairobi peke yake. Nikamwambia sote tulilala njaa pamoja."

"Ukamuua?"

"Mimi? Sylus ni brathe yangu!" Akalia kwa sauti, bila haya.

Nje, mama yake, Nabwile, alikuwa amekaa kwenye benchi tangu alfajiri na chupa ya chai ambayo hakuna aliyemruhusu kuipeleka seli. Jumatano mwanawe angefikishwa mahakamani kwa mauaji. Kila Nanzala alipopita, mama alisimama. Kusimama kule kulimchoma Nanzala kuliko matusi.

Kilichobaki ni simu ya marehemu, iliyokutwa mfukoni mwake. Mtandao wake ulikuwa umezimwa tangu asubuhi ya Jumamosi, kwa hiyo minara haikuwa na la kusema. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja uliorekodiwa saa saba na dakika ishirini. Sauti ya Sylus, gitaa kavu lisilo na umeme, na ngoma.

Ngoma ilikuwa ya Mzee Mwandawiro, mtu wa miaka hamsini na mitatu, mtulivu, aliyewafundisha vijana wa bendi kila walichojua kuhusu ngoma. Alikuja kituoni mwenyewe, kofia mkononi.

"Tulirekodia Voi, kwenye chumba cha mazoezi," alisema. "Tulipomaliza akasema anapanda nyumbani kumwona mama yake. Sikumwona tena."

"Chumbani mlikuwa na nani mwingine?"

"Sisi wawili tu."

"Calvince?"

Mzee alitazama kofia yake. "Calvince ana hasira, Afande. Sina zaidi."

Usiku ule Nanzala aliusikiliza wimbo mara tano. Haukuwa wimbo wa kilabu. Ulikuwa unaita, unanyamaza kidogo kana kwamba unasubiri kujibiwa, kisha unaita tena. Mara ya tano alijikuta amegeuka kutazama mlango. Akajicheka, lakini aliacha taa ikiwaka hadi asubuhi.

Jumanne alipanda Wundanyi kumhoji Wakesho, mama wa marehemu. Matanga yalikuwa yamejaa watu. Nanzala aliketi naye pembeni ya uwanja, akimuuliza taratibu kama Sylus alifika nyumbani Jumamosi.

"Hakufika, mwanangu. Angekuja kwetu asinisalimie? Hata akiwa na haraka huwa anaingia jikoni."

Kwaya ya kanisa ilikuwa inajiandaa. Lakini kabla ya kuimba, mwanamume mmoja aliwasha majani makavu na vijiti, akainamisha ngoma juu ya moto, akaizungusha polepole. Akaigonga. Ikatoa sauti nzito, iliyolegea. Akaizungusha tena. Kuni zikaalika. Akaigonga tena, na safari hii ikalia kwa ukali.

Nanzala aliliacha swali lake katikati, akainyooshea ngoma kidole.

"Mbona anaichoma?"

Wakesho alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza mgeni. "Huku kuna ukungu. Ngozi inalegea, lazima uipashe moto. Voi hawana kazi hiyo. Jua la kule linaikaza lenyewe."

Nanzala alikwenda kwenye gari, akafunga vioo, akaweka simu sikioni. Mwanzoni mwa wimbo ngoma ilikuwa nzito, imelegea. Baada ya ubeti wa pili ikanyamaza. Sylus aliendelea kucharaza gitaa peke yake kwa karibu dakika nzima. Na chini ya gitaa, kitu kilikuwa kinaalika. Mara tano alikuwa ameusikia mlio huo akidhani ni ubovu wa simu. Kisha ngoma ikarudi, kali.

Saa saba mchana, Voi, jua la kupasua mawe. Nani angewasha moto chumbani?

Alimchukua Nzomo wakapanda jabali. Jumapili polisi walikuwa wamekagua ukingo, mvua ikiwa imekwishaufuta. Safari hii walizunguka nyuma, wakaona pango dogo lililofunikwa na miti. Ndani, pakavu kabisa, palikuwa na jivu. Kando yake kulikuwa na kijinga cha moto, kinene kama mkono, na nywele zilizonata kwenye ncha.

"Mungu wangu," alisema Nzomo, akavua kofia.

Jioni ile Mwandawiro aliketi tena mbele ya Nanzala.

"Mzee, mlirekodia wapi?"

"Nilikwambia. Voi."

"Sikiliza." Akauweka wimbo mezani. Ngoma ikalia, ikanyamaza. Kuni zikaalika.

Mzee alifumba macho. Vidole vyake vilianza kugonga goti, akavikamata kwa mkono mwingine.

"Ungeiacha imelegea tusingekujua," Nanzala alisema.

"Siwezi kupiga ngoma iliyolegea, Afande. Si wimbo ule."

"Wimbo gani?"

"Zima kwanza. Nakuomba."

Alizima.

"Ni wimbo wa pepo wa marehemu mke wangu. Alipougua, wazee walimchezea wimbo huo mpaka akatulia. Kila pepo ana wimbo wake. Ukiupiga, anakuja. Asipomkuta mgonjwa wake, anatafuta mwingine nyumba ile ile." Akaisukuma simu mbali naye. "Tangu Pasaka Sylus alikuwa anaupiga mwisho wa shoo. Tangu Pasaka binti yangu Lynn anaanguka. Anauma ulimi, anatoka povu. Nina mtoto mmoja tu."

"Sasa mbona ulimpigia ngoma?"

"Alitaka kuurekodi pangoni, sauti inarudi vizuri. Nikasema sawa, tuupige mara moja kwa heshima ya pepo, pale pangoni pake, na moto wake, halafu uufute, usiupige tena. Akakubali. Tulipomaliza akacheka. Akasema, 'Mzee, hii inaenda redioni, Kenya nzima itausikia.' Kenya nzima! Kila saa, Lynn akiwa jikoni, akiwa barabarani. Nilishika kilichokuwa karibu. Alitoka nje akiyumba, nikamsukuma."

"Na Calvince angefungwa maisha."

"Najua." Machozi yalimtoka. "Nilipima mtoto wa mwenzangu na wangu. Nikachagua wangu."

Nanzala alikwenda mwenyewe kumfungulia Calvince. Nabwile alimkumbatia mwanawe bila kuiachia ile chupa ya chai, wakaondoka wameshikana kama watu wanaovuka mto.

Lynn alifika asubuhi, msichana wa miaka kumi na tisa, kidonda kipya kwenye mdomo. Aliruhusiwa kumwona baba yake mbele ya inspekta.

"Usiogope tena," Mwandawiro alimwambia. "Ule wimbo hautapigwa tena."

"Baba, Sylus aliutoa wapi ule wimbo?"

"Alisikia kwa wazee, bila shaka."

"Wazee walikataa kumfundisha. Nilimfundisha mimi."

Mzee alimkodolea macho.

"Nilianza kuanguka tangu mwaka juzi, kule chuoni," Lynn alisema. "Daktari alisema ni kifafa, akanipa vidonge. Niliogopa kukwambia, ungeita wazee na ngoma. Kabla ya Pasaka vikaniishia, nikaona aibu kukuomba nauli ya hospitali."

"Lakini wimbo..."

"Mama alikuwa akiniimbia wimbo ule, na sauti yake nilikuwa nimeisahau. Sylus akiuimba, nilikuwa namsikia. Ndiyo maana nilimpa."

Mwandawiro aliinama, akauficha uso. Lynn alimshika mkono, na Nanzala akawaacha hivyo mpaka gari la mahakama lilipofika.