Nyimbo Kumi na Moja

Saa mbili na robo asubuhi

Chumba cha nyuma cha dobi kilikuwa na joto la pasi na harufu ya wanga. Mjomba alikuwa amekunjua boksi la mashati, anachora juu yake kwa kalamu nyekundu. Hakuwa mjomba wa mtu. Aliitwa hivyo kwa sababu aliyemwita vinginevyo mara ya mwisho aliondoka bila meno.

"Mlango. Korido. Chumba cha kurekodia. Tunachukua diski, tunatoka. Dakika kumi."

"Watu je?" aliuliza Nyundo. Huyu kazi yake ilikuwa kuvunja: makufuli, milango, mbavu.

"Mlinzi mmoja tu. Bendi inasafiri leo, na fundi mitambo wa studio ndiye anayewapeleka uwanja wa ndege. Sivyo, Sikio?"

Sikio aliitikia kwa kichwa. Fundi mitambo huyo alikuwa kaka yake, tumbo moja, ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki. Asingekubali kazi hii kama Kaka angekuwepo.

"Umejuaje kama wanasafiri?" Nyundo hakuridhika.

"Mashabiki." Sikio alionyesha simu. "Mwimbaji kaweka picha ya sanduku. Wao wakaikuza, wakasoma tiketi iliyokuwa juu yake, wakapata mpaka saa ya ndege."

"Hawa watu hawana kazi?"

"Polisi wangekuwa na akili ya hawa," alisema Mjomba, "sote tungekuwa jela."

Sikio alicheka nao. Siri yake ilikuwa hii. Miezi miwili nyuma aliandika kwenye kundi la mashabiki: "Albamu mpya ina nyimbo kumi na moja. Nimezisikia." Hakuwa amesikia hata moja. Sifa tu, jamani! Alitaka siku moja naye aonekane mtu. Mashabiki wakaidaka. Mmoja akahesabu taa kumi na moja kwenye picha ya studio. Mwingine akaona mpiga ngoma kavaa jezi namba kumi na moja. Ushahidi ukajaa, hadi mwongo mwenyewe akaanza kuuamini uongo wake. Ndipo Mjomba alipobisha hodi na habari za mteja aliyeitaka albamu kabla haijatoka, kwa bei ya nyumba. Ungemwambia nini mtu kama yule? Samahani, nilikuwa natania? Thubutu!

"Damu isimwagike, Mjomba."

"Nani kataja damu? Tunakwenda kusikiliza muziki."

Saa tatu na dakika ishirini

Studio ilipakana na karakana ya kunyoosha bodi za magari. Mafundi watano walikuwa wanagonga mabati kwa pamoja. Hata sauti yako mwenyewe ungeitafuta.

Sikio aligonga geti. Mlinzi akachungulia, uso ukamchangamka.

"Aa, mdogo wa fundi! Umepotea sana."

"Shughuli tu, mzee wangu."

"Pita, pita. Kaka yako yumo ndani."

Sikio aligeuka nyuma. Alifungua mdomo, lakini Mjomba alikuwa ameshampita, na bastola ikalia mara mbili kwenye tumbo la mlinzi. Karakana iliendelea kugonga. Mzee wa watu alikaa chini polepole, mikono tumboni, akimtazama Sikio na si yule aliyempiga.

"Ulisema damu haitamwa..." Sikio alianza.

"Kakuona sura, mpumbavu. Ulidhani tutamwacha aje kukusalimia kesho?"

Saa tatu na dakika ishirini na sita

Kaka alikuwa amevaa hedfoni, hakusikia lolote. Nyundo alimng'oa kitini kwa kola. Kaka akageuka, akamwona mdogo wake.

"Wewe?"

"Uwanja wa ndege," Sikio alibabaika. "Ile picha ya sanduku..."

"Ile picha ni ya mwaka juzi!"

"Albamu iko wapi?" Mjomba aliuliza.

"Albamu gani?"

Nyundo aliubana mkono wa kulia wa Kaka mezani, akatoa kilichompa jina. Kilishuka mara moja. Kidole cha shahada kikapasuka. Kuta za chumba kile zilijengwa kumeza sauti, na ukelele wa Kaka uliishia humo humo.

"Nyimbo kumi na moja. Ziko wapi?"

"Hakuna wimbo! Mwimbaji koo limekufa, ana mwaka na nusu hajaimba. Wanaona aibu kusema. Mimi hapa natengeneza matangazo!"

"Watu laki mbili wanasema ipo. Wewe peke yako unasema haipo. Nimwamini nani?"

Kidole cha pili. Damu ilirukia vitufe vya mitambo. Sikio hakuweza kuvumilia tena.

"Ni mimi, Mjomba! Mimi ndiye niliyeandika. Nilitunga, wallahi nilitunga!"

Mjomba alicheka. "Damu nzito kuliko maji, eeh? Zile taa kumi na moja ulizitundika wewe? Ile jezi ulimvalisha wewe? Kaa kimya. Nyundo, sasa kichwa."

Nyundo aliinua mkono.

"Ngoja! Iko humu!" Sikio aliishika diski iliyochomekwa kwenye mtambo. "Anaificha. Ngoja nihakikishe."

Alivaa hedfoni, akabonyeza. Mwanamke alicheka masikioni mwake, akaanza kusifia povu. Sabuni ya kufulia. Sikio alifumba macho, akatikisa kichwa kama amepagawa na gitaa. Machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Kaka alimtazama, akaelewa. "Msiichukue," alilia. "Nawaomba. Kazi ya miaka mitatu hiyo!"

Hapo Mjomba aliamini. Akaielekeza bastola kwenye kichwa cha Kaka.

"Nimeifunga kwa namba ya siri," Sikio aliwahi, vidole bado viko kwenye vitufe. "Iko kichwani mwangu. Mguse tena kaka yangu, mteja wako atanunua bati."

Nyundo alimtazama Mjomba. Mjomba alitazama saa.

"Mfunge. Tutamrudia."

Sikio aliichomoa diski, akawahi waya kabla ya Nyundo, akamfunga Kaka fundo ambalo hata mtoto angelifungua. "Nisamehe," alinong'ona.

"Usiende nao," Kaka alisema kwa sauti ya chini. "Mjinga wewe, watakuua."

"Najua."

Saa nne kasoro dakika tano

Ndani ya gari, Nyundo alisoma simu. "Kuna mtu kapiga picha geti la studio. Lina damu. Mashabiki wamepagawa. Wanasema kama watu wameuawa kwa ajili yake, basi kweli ipo."

Mjomba alicheka hadi akakohoa. Gari la wagonjwa liliwapita likielekea walikotoka, king'ora juu. Sikio aligeuza shingo kulifuata mpaka likapotea.

Saa nne na dakika ishirini

Mteja aliwasubiri kwenye ghala tupu, mtu mzima mwenye kitambi, kavaa fulana ya bendi iliyopauka. Alinukia manukato kama bwana harusi. Diski ilichomekwa kwenye kompyuta yake, Sikio akaandika namba ya siri. Mteja akavaa hedfoni.

Chini ya meza, simu ya Sikio ilitikisika. Alichungulia. Kaka. "Niko hospitali, wananifunga vidole. Polisi wako nami. Uko wapi?"

Kaka alikuwa salama. Kabla kidole chake hakijagusa herufi, Nyundo aliipokonya simu, akaisoma, akaikanyaga.

Mteja alivua hedfoni. "Hili tangazo la sabuni."

Mjomba aliweka bastola kwenye paji la uso la Sikio. "Ulijua?"

"Kaka alikwambia ukweli. Na mimi nilikwambia. Hakuna albamu, Mjomba. Haijawahi kuwepo."

Kidole cha Mjomba kilianza kuvuta.

"Usipige!" Mteja aliruka, macho yakimwaka. "Ukimuua tumeipoteza. Ilipo ile ya kweli anajua huyu. Zile taa, ile jezi, haviwezi kuwa bure. Muulize kwanza."

Mjomba alifikiri. Alishusha bastola, akamkonyeza Nyundo, na Nyundo akafungua begi lake.

Sikio hakungoja kushikwa. Kaka yake alikuwa mikononi mwa madaktari. Alikunja mkono wa shati, akauweka mkono mezani.