Nani Analia Dirishani?

La, mjukuu wangu, ndege Guangzhou, kule China, wapo, tena wengi. Shida si ndege, shida ni masikio. Na umeuliza vizuri, maana swali la ndege hao ndilo lililomtia Hasna mashakani.

Huyu Hasna alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Babake Hafidh alikuwa msafirisha mizigo, na mamake Safia akipika chakula cha kuuza pale mtaa wa Xiaobei, nao wakikaa juu ya mkahawa wao. Asubuhi ya Hasna ilikuwa ileile kila siku: kuoga, chai na vitumbua, kisha shule. Na chini ya dirisha, selotepu ikifunga maboksi, kraaa, kraaa, na mikokoteni ikigongana.

Shuleni kwao palikuwa na mwalimu wa sayansi, Mwalimu Anita. Yeye alikuwa Mpotawatomi, wa moja ya makabila ya wenyeji wa Marekani, watu walioishi kando ya maziwa makubwa kabla Wazungu hawajafika. Akawaeleza kwamba kwa lugha ya kwao ndege, hata mti, haulizwi “nini hiki?” Huulizwa “nani huyu?” Usishangae. Hata sisi hatusemi chura kinalia, twasema analia. Mti tu ndio tuliounyima, wao hawakuunyima.

Basi akawapa kazi. Kila mmoja akae dirishani alfajiri, asikilize mpaka amsikie asiyekuwa mtu wala mashine, kisha aje aseme ni nani.

Hasna alikaa kidogo, akasikia selotepu, akachoka. Akachukua simu ya babake. Kwa kuwa alitaka kumfurahisha mwalimu, akatafuta ndege wa yale maziwa ya kwao, akapata sauti moja ndefu, ya huzuni, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya maji. Darasani akaicheza, akasema huyu amelia dirishani kwetu.

Mwalimu Anita akasema huyo anamjua, ndiye aliyekuwa akilia ziwani kwa bibi yake, na hajapata kusikia kwamba amefika China. Akauliza kama anaweza kuja Jumamosi amsikilize. Rafiki yake Hasna, Jepchirchir, akamnong'oneza, “Mwambie ndege wako asichelewe.”

Safia aliposikia kwamba mwalimu anakuja kwa ajili ya ndege wa kwao, alifurahi mno, akaahidi pilau ya kuku.

Tangu hapo kila alfajiri Hasna akawa dirishani, akitafuta ndege yeyote wa kumwokoa. Hofu nayo humkalisha mtu kitako. Kwanza alisikia selotepu. Alipoizoea, akasikia maji yanayodondoka nyuma yake. Nyuma ya maji, kwenye mti ule wenye mizizi inayoning'inia kama ndevu, akasikia mtu. Mtu nasema! Mdogo, mwepesi, maneno mengi. Akamtazama: ndege mwenye kishungi cheusi na doa jekundu shavuni. Safia alichungulia akasema, “Huyo si shore? Wa kwetu hana huo wekundu, lakini ndiye huyohuyo mla mapapai.” Kumbe siku zote alikuwapo.

Jumamosi mwalimu akaja, akakaa karibu na dirisha. Yeye Kiingereza, Safia Kiswahili, Hasna ndiye mkalimani.

“Muulize kama amemkumbuka sana huyo ndege wao,” Safia akasema huku akipakua.

Hasna hakuuliza. Akasema kwa Kiingereza, “Mwalimu, yule sikumsikia. Nilimtoa kwenye simu.”

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, polepole. Alikuwa ameshajua.

“Anasemaje?” Safia akauliza.

Hapo, mjukuu wangu, ndipo penye kazi. Angeweza kusema mwalimu anasifu harufu ya pilau, na nani angejua? Hasna akamwambia mamake yote. Safia akaweka upawa chini.

“Nimempikia mgeni juu ya uongo,” akasema.

Mwalimu akazungumza, na Hasna akalazimika kulitafsiri somo lake mwenyewe. “Anasema, kwao kusikiliza ni heshima. Anasema nimewakosea wawili: yule niliyemweka mahali asipokaa, na huyu anayekaa hapa, nikamfanya hayupo.” Kisha akaongeza la kwake mwenyewe: “Lakini yupo, mama.”

Safia akamtazama mwanawe. Akazima feni ya jikoni. Hafidh alikuwa pembeni akigombana kwenye simu kuhusu kontena lake la bandari ya Nansha; mkewe akamtazama mara moja tu, naye akaikata simu. Pilau ikawa inapoa. Kraaa, ikasema selotepu. Wakangoja. Halafu pale mtini shore akaanza maneno yake.

“Nani huyo?” Mwalimu Anita akauliza.

“Jirani yetu,” Hasna akasema.

Mwalimu akafumba macho, akamsikiliza mpaka mwisho.

“Haya,” Safia akasema, “jirani tumemsikia. Nawe mwanangu, tangu leo ukisema umesikia, iwe umesikia. Kusikia kwa kweli kunataka kungoja, na kungoja hakujamuua mtu. Nendeni mkanawe.”

Akaipasha pilau moto. Wakakunja miguu mkekani wote, mwalimu kati ya Hasna na mamake, Hafidh bila simu, na dirisha wakaliacha wazi, wakala.