Mlaji wa Gigabaiti Mia Mbili

Wizi uliripotiwa Jumatano asubuhi, na mlalamikaji alikuja na mwizi wake mkononi, amemshika kifundo cha mkono kama anayerudisha kuku aliyetoroka.

"Amenimaliza, afande! Shemeji yangu huyu. Kikomo cha intaneti ya nyumbani kwangu ni gigabaiti mia kwa mwezi. Zimeliwa mia tatu! Kampuni inanidai malipo ya ziada, na barua yao hii hapa."

Inspekta alimtazama mzee huyo, karani mstaafu aliyefunga tai saa mbili asubuhi, akamchoka kabla hajamaliza kusema. Kituoni inspekta mwenyewe walimwita Mama Vielelezo, kwa sababu chochote kilichotajwa kwenye kesi alikitia kwenye mfuko, akakipiga lakiri na kukifungia kabatini, hata kama ni ufagio.

"Wewe ni nani wake?" alimuuliza binti aliyeshikwa mkono.

"Mdogo wa mke wake."

"Unatumia intaneti yake?"

"Nusu saa kwa siku, afande. Masomo ya uuguzi. Dada ndiye aliniruhusu. Jumatatu naripoti chuoni. Wakisikia nina kesi ya wizi, hawanipokei."

"Mwongo!" shemeji alidakia. "Anakula kwangu, analala kwangu, na intaneti ananilia!"

Barua ya kampuni ilikuwa na mhuri, mlalamikaji hakutaka kusikia habari ya suluhu, na mkuu wa kituo akaagiza binti awekwe mahabusu. Inspekta alisaini huku roho ikimuuma. Kisha alikwenda hadi sebuleni kwa karani, akachomoa ruta ya intaneti ukutani, akaipiga lakiri. Karani alinung'unika kwamba atakosa taarifa ya habari.

Ijumaa mchana inspekta aliingia ofisi ya kampuni. Meneja wa tawi alimpokea kwa bashasha, akamwagizia soda, akamgeuzia kompyuta aone mwenyewe matumizi ya nyumba ya karani.

"Nyumba hiyo ni sugu, afande. Wanakula vibaya sana."

"Wamekula mpaka lini?"

"Mpaka leo hii! Juzi gigabaiti kumi na moja. Jana kumi na nne. Leo tayari sita."

"Na ruta yao ndiyo namba hii?"

"Hiyo hiyo. Akaunti moja, ruta moja. Mfumo wetu haukosei."

Inspekta alifungua mkoba, akaweka mezani mfuko wa lakiri. Ndani yake ilikuwemo ruta, na waya wake umeviringwa kando. Tarehe na saa ziliandikwa juu kwa wino mwekundu.

"Tangu juzi saa nne asubuhi imelala kabatini kwangu. Haina umeme. Hebu niambie, jana ilikuwa ikitazama sinema gani?"

Meneja alicheka peke yake, kisha akaacha.

"Labda ni mitambo, afande."

"Usinifanye mtoto. Nani anaingiza tarakimu hizi?"

"Huwa zinakuja zenyewe kutoka..."

"Nani?"

"Mimi."

"Ondoa mkono kwenye hiyo kompyuta. Nayo ni kielelezo. Kwa nini ulifanya hivi?"

"Kila mwaka, meneja mwenye wateja wengi zaidi waliovuka kikomo anabandikwa picha makao makuu, pale mapokezi. Mwenzangu niliyeajiriwa naye siku moja, huu ni mwaka wake wa tatu yuko ukutani."

"Picha?"

"Ni kubwa, afande. Ina fremu."

Inspekta aliwahi kukaa na wauaji wakamtia huruma. Huyu alimtia kichefuchefu tu.

"Na kwa nini nyumba ile?"

"Fomu ya kuunganishiwa inauliza mnaishi wangapi, na kila mmoja ni nani wako. Nilichagua nyumba zenye mtu wa pembeni. Shemeji, mpwa, mfanyakazi wa ndani. Wateja hao hawaji kulalamika kwetu. Wanamalizana wenyewe kwa wenyewe."

Alitiwa pingu mbele ya wateja wake waliokuwa kwenye foleni.

Jioni karani aliitwa kituoni. Binti alitolewa mahabusu, akasimama kando ya kaunta, nywele zimemtimka na gauni limechafuka sakafuni. Inspekta alisoma maelezo ya meneja kwa sauti, na sentensi ya mwisho akairudia, polepole, akimkazia macho karani.

Karani alilegeza tai. "Sasa, afande, mimi ningejuaje?"

"Ungeniuliza, shemeji," binti alisema.

"Basi yaishe, shemeji. Mambo ya kawaida haya, kila nyumba yapo. Dada yako amepika. Twende nyumbani."

Binti alimgeukia inspekta, akaomba simu. Inspekta alimsogezea ile ya mezani.

"Nimeachiwa, dada. Niletee sanduku langu hapa kituoni, nitakwenda chuoni nikitokea kwa rafiki yangu. Hapana. Huko kwenu sirudi tena. Ndiyo, yuko hapa. Ananisikia."