Ngozi ya Tano

Severa alizichagua ngozi zote tano kwa mkono wake mwenyewe, dukani kwa Marcelino pale Kariakoo. Alizikunja pembe, akazikwaruza kwa ukucha, akatafuta makovu ya kupe na chapa za moto, maana ngozi ya ng'ombe haikosi doa. Zilipoletwa karakanani kwake Mchafukoge, ghorofa ya pili, ya tano haikuwa na doa hata moja. Ilikuwa laini kama shavu la mtoto, na ilinukia udi.

Akampigia simu Marcelino.

"Mama, mimi nimekufungia nne," Marcelino akaapa. "Ya tano uliyoichagua bado iko hapa dukani, nilikwambia nitakuletea Ijumaa."

Severa akakata simu, akamtazama Hajira, fundi mwenzake wa miaka tisa. Funguo za karakana walikuwa nazo wao wawili tu.

Waliipima asubuhi, futi za mraba ishirini. Saa sita mchana ikawa ishirini na mbili.

"Umeivuta?"

"Nimeivuta na nini, dada?"

Hajira akawasha feni, na upepo ulipoipitia ile ngozi pale mezani ikasisimka yote, vipele vidogo vidogo vikatutumka kuanzia shingoni kushuka hadi mkiani, kama mgongo wa mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Hajira akadondosha kisu.

"Dada," alinong'ona, "hii haijafa."

Alasiri hiyo wakamleta Bi Siwema, mganga wa Magomeni. Hakuigusa.

"Mmeikata?"

"Bado, bibi."

"Mshukuruni Mungu. Mwenyewe aliivua mahali akaoge, watu wakaichanganya na za ng'ombe. Yuko kwenye ngazi, kaifuata. Acheni mlango wazi, mgeukie ukutani. Akiwasemesha, msimjibu."

Wakageuka. Harufu ya udi ikazidi hadi ikawakaba koo, nyayo zikaingia taratibu, zikasimama mezani, kisha ikasikika sauti ya mtu anayevaa, mkono ukiingia, bega likikaa sawa, vidole vikinyooshwa kimoja kimoja, na Severa akiwa amefumba macho akasikia pumzi sikioni na sauti ya Hajira ikimnong'oneza, "Dada, nisamehe. Mimi ndiye niliyekubadilishia ngozi."

"Nilijua tu!" Severa akafoka.

Bi Siwema akamshika mkono, lakini alikuwa amechelewa. Nyayo zilikwishaanza kushuka ngazi, haraka haraka. Huko chini muuza juisi akasikika, "Shikamoo, Mama Severa!"

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti ya Severa.

Hajira akageuka, machozi yakimtoka.

"Dada, mimi sijasema kitu. Wallahi sijafungua mdomo. Ulikuwa unamjibu nani?"

Severa alitaka kumwomba radhi. Akafungua mdomo, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, lakini haikutoka hata pumzi yenye sauti. Huko chini barabarani sauti yake ilikuwa inacheka, inasalimiana na watu, inakwenda zake Kariakoo.