Nani Aliyemmeza Bibi Dhahabu?

Kila Jumamosi Mageni alihakikisha kazi zake zimekwisha kabla ya saa kumi alasiri. Asubuhi alichota maji kisimani mara tatu. Kisha aliosha vyombo, akafagia uwanja na kumwogesha mdogo wake Mabula, aliyekuwa na miaka miwili na nusu. Ilipokaribia saa kumi alimbeba Mabula mgongoni na kwenda dukani kwa Mzee Nassibu.

Mwaka huo wa 1984 duka la Mzee Nassibu pale Nyarugusu halikuwa na vitu vingi. Sukari ilikuwa adimu na sabuni ilipatikana kwa foleni. Lakini Mzee Nassibu alikuwa na redio kubwa ya mbao, na tangu asubuhi alikuwa ameanika betri zake juani ili zirudishe nguvu. Watoto walikaa barazani. Nyuma yao walisimama wachimbaji waliotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, miguu yao imejaa vumbi jeupe la mawe.

Wote walikuja kusikiliza mchezo mmoja, "Wageni wa Nyota ya Nane". Ulikuwa mchezo wa watu waliosafiri angani kwa chombo chao, na kila mmoja wao alikuwa elementi, zile zile ambazo Mageni na wenzake wa darasa la sita walijifunza katika somo la sayansi. Kapteni Chuma alikuwa shujaa, ila mvua ikinyesha alijificha asije akapata kutu. Shaba alikuwa mmbea, kwa sababu habari zote hupita kwake kama zipitavyo kwenye nyaya. Salfa akikaribia, wenzake wote walianza kupiga chafya. Bibi Oksijeni alipendwa na kila mtu, lakini akisogelea jiko moto uliruka. Naye Bibi Dhahabu alijivuna sana. Hakushika kutu, hakubadilika, na hakutaka kuchanganyika na yeyote.

Jumamosi moja aliingia mgeni asiyejulikana. Hatua zake zilikuwa nzito, lakini alipita kwenye tundu dogo la mlango. Alipoanguka, sauti yake iligawanyika ikawa sauti kumi, halafu zikakusanyika tena zikawa moja. Bibi Dhahabu, asiyechanganyika na mtu, alimfuata kama aliyevutwa kwa kamba, na mara akatoweka. Kapteni Chuma aliita, "Bibi Dhahabu, uko wapi?" Sauti yake ikajibu kwa mbali kutoka tumboni mwa mgeni, "Nimo humu."

Hapo muziki ukapigwa. Mtangazaji akawaomba wasikilizaji waandike barua wakikisia mgeni ni nani. Jina lake lingetajwa mwishoni mwa mwezi unaofuata.

Jumatatu darasani hapakukalika.

"Huyo ni Fedha," alisema Valerian, kiranja wa darasa. "Nani mwingine anaweza kumpata Dhahabu? Wanafanana kwa thamani."

"Hatua zake ni nzito," alisema Zipora. "Mimi nasema ni Risasi."

"Risasi itapitaje kwenye tundu la mlango?"

"Basi na Fedha itapitaje?"

Mwalimu Scolastika aliyewafundisha sayansi aliwasikiliza akitabasamu. "Tutatuma barua moja ya darasa zima," alisema. "Ijumaa kila mtu aje na sababu. Tutachagua yenye nguvu kuliko zote."

Jioni ile Mageni alimkuta mjomba wake, Marselino, uani. Mjomba alikuwa mdogo wa mama yake na aliishi nao. Mbele yake palikuwa na karai lenye maji na unga wa mawe ya dhahabu aliyoyatwanga. Alichukua kichupa, akamimina tone zito linalong'aa kama kioo, kisha akakoroga. Baada ya muda alikamua tone lile kwa kitambaa, likabaki donge dogo jeupe.

"Mjomba, dhahabu imekwenda wapi?"

"Imo humu humu. Zebaki imeimeza," alisema mjomba. "Nikichoma, zebaki itaruka na dhahabu itabaki."

Mageni alimkumbuka mgeni wa redioni. Zebaki ilikuwa nzito na tena ilitiririka. Nayo ilimeza dhahabu.

Alipowaambia wenzake kesho yake, Valerian alicheka. "Chuma gani hicho cha maji? Umeota, Mageni. Tuonyeshe ndipo tuamini."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Ijumaa asubuhi, mjomba akiwa ameshakwenda duarani na mama shambani na Mabula bado anakunywa uji wake, Mageni alipanda juu ya kigoda jikoni. Alishusha kile kichupa kilichowekwa juu ya ukuta, akamimina zebaki kidogo katika chupa tupu ya dawa. Alikuwa na haraka. Zebaki ikamwagika katikati ya mafiga, ikapasukapasuka kuwa matone mengi madogo, yakakimbilia kwenye majivu.

"Vidudu," alisema Mabula, akachuchumaa kuvitazama.

Mageni aliokota aliyoweza kwa kipande cha karatasi. Mengine hakuyaona tena. Alimpeleka Mabula kwa jirani kama kawaida, akakimbilia shuleni.

Karibu na saa sita, kabla mwalimu hajaingia kwa kipindi cha sayansi, aliimimina zebaki kwenye kifuniko cha bati juu ya dawati. Darasa zima lilimzunguka. Aliigusa kwa ncha ya kalamu, nayo ikagawanyika matone kumi. Aliinamisha kifuniko, matone yakakimbiliana na kuwa moja. Wanafunzi walicheka kwa furaha na kusukumana ili waone. Valerian alitazama kwa muda mrefu.

"Sauti kumi zikawa moja," alisema taratibu. "Ni yeye. Umenishinda."

Mageni hakuwahi kusikia raha kama ile. Ndipo Mwalimu Scolastika akaingia.

Mwalimu hakugomba. Aliwaambia warudi nyuma, mtu yeyote asiguse, na madirisha yafunguliwe. Alikusanya zebaki yote kwa karatasi, akaitia chupani pamoja na maji, akafunga kifuniko kwa nguvu.

"Umeipata wapi, Mageni?"

"Mjomba amenipa, mwalimu."

"Imemwagika mahali popote?"

"Hapana, mwalimu."

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akaligeukia darasa. "Mageni amefikiri vizuri, na mimi pia naamini mgeni wetu ni Zebaki. Lakini huyu ni mgeni wa hatari. Zebaki hutoa mvuke usioonekana wala kunuka. Ikikaa kwenye baridi mvuke hutoka kidogo. Ikipata moto hutoka mwingi, nao huingia mapafuni, ukadhuru ubongo na figo. Mtu huanza kutetemeka mikono na kusahau. Watoto wadogo huumia upesi kuliko sisi."

Mageni alikumbuka mafiga. Alitazama nje. Vivuli vilikuwa vimefupika. Saa hizi mama huwa amerudi kutoka shambani, amempitia Mabula kwa jirani, na anajiandaa kuwasha moto wa ugali. Mabula hukaa karibu kabisa na mafiga akisubiri ukoko.

Aliwaza adhabu ya mjomba. Aliwaza pia jinsi wenzake walivyokuwa wakimsifu dakika chache zilizopita. Kisha akasimama.

"Mwalimu, nimesema uongo. Mjomba hakunipa. Nimeichukua bila ruhusa, na imemwagika jikoni, kwenye mafiga. Mama yuko karibu kuwasha moto."

Mwalimu Scolastika alimwachia Valerian darasa, akavua viatu vyake vyenye visigino, akavishika mkononi. "Twende. Kimbia mbele yangu," alisema.

Walipofika, moshi ulikuwa bado haujatoka jikoni. Mama alikuwa amepanga kuni, na mkononi alikuwa na kigae chenye kaa la moto aliloliomba kwa jirani, maana viberiti vilikuwa havipatikani. Mabula alikuwa amekaa pembeni na kibakuli chake.

"Mama, usiwashe," alisema Mageni akihema.

"Shikamoo mama," alisema mwalimu. "Samahani kwa kuingia hivi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Mbona mnahema? Kuna nini?"

Mwalimu alimtazama Mageni. Mageni alielewa kwamba maneno yale ni yake kuyasema, akayasema yote bila kuficha. Mama aliweka kaa lile nje, mbali na mlango, akambeba Mabula na kumkumbatia.

Kazi ilianza. Mabula alirudishwa kwa jirani. Waliyaondoa mafiga, wakachota majivu na udongo wa juu kwa koleo, wakatia katika debe lenye kifuniko. Hawakufagia, kwa sababu mwalimu alisema ufagio ungezidi kuyatawanya matone. Mageni alipiga magoti mlangoni akiyatafuta kwa macho. Kila alipoona kitu kinang'aa alikionyesha, na mwalimu alikiokota kwa karatasi. Walipata matone saba. Debe walilizika mbali na kisima na nyumba. Mchana huo ugali ulipikwa nje, juu ya mawe mapya, na mwalimu alikula nao. Baadaye mganga wa zahanati alimpima Mabula akasema hana tatizo. Mabula alimwomba ampime na mwanasesere wake wa gunzi.

Jioni mjomba Marselino alirudi. Mageni alimwamkia, akamweleza. Alitegemea fimbo. Mjomba alinyoosha vidole vyake mbele ya macho akavitazama.

"Mwalimu amesema mikono hutetemeka?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mimi siku za mvua nimechomea pale pale jikoni," alisema kwa sauti ya chini. "Tena mara nyingi, na nyote mko ndani." Alisimama, akachukua kichupa chake na kukipeleka kwenye kibanda chake cha kazi kule duarani. Kuanzia siku ile hakuleta tena zebaki nyumbani. "Lakini umechukua kitu changu bila kuniomba," alimwambia Mageni. "Utanijazia pipa langu la maji wiki nzima."

Mageni alilijaza, na hakulalamika hata siku moja.

Jumatatu darasa lilipiga kura. Mikono yote arobaini na miwili iliinuka kwa Zebaki, hata wa Zipora, ingawa ulichelewa. Mageni ndiye aliyeandika barua. Mwalimu alimshauri aeleze jinsi alivyojua, na yaliyotokea baadaye. Alifikiri sana kuhusu sehemu ya pili, kisha akaiandika kama ilivyokuwa.

Siku ya jibu, baraza la Mzee Nassibu lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mifuko ya chumvi. Mjomba Marselino alisimama nyuma na wachimbaji wenzake, na Mwalimu Scolastika alikaa kati ya wanafunzi. Redio ilikoroma, Mzee Nassibu akaipiga kofi, ikatulia. Mgeni alizungukwa na Kapteni Chuma na wenzake wakamuuliza jina. Akajibu kwa sauti kumi kwa pamoja, "Mimi ni Zebaki." Baraza likalipuka kwa vifijo. Valerian alimrusha Mabula juu na kumdaka.

Mtangazaji alisema kwamba wengi walikuwa wamepatia, ila angesoma barua moja tu, kutoka kwa darasa la sita la Nyarugusu, wilaya ya Geita. Aliposoma jina la Nyarugusu watu walishikana mikono. Alipofika mahali palipoandikwa, "Msichome zebaki ndani ya nyumba. Mimi niliimwaga, nikasema uongo, na mdogo wangu angeweza kudhurika," mchimbaji mmoja alimwuliza Marselino kitu kwa sauti ndogo, na Marselino akaanza kumweleza.

Mageni aliinamisha kichwa. Furaha na haya vilikuwa vimemjaa kwa wakati mmoja.

"Mwalimu," aliuliza, "kama nisingekisia, haya yote yasingetokea. Je, nilikosea kukisia?"

Mwalimu Scolastika alisogea akakaa karibu naye.

"Hapana. Valerian alikisia Fedha, Zipora akakisia Risasi. Walikosea, na hakuna aliyeumia. Anayekisia anasema wazi kwamba hajui, anatafuta. Wenzake wanamsahihisha. Lakini uliponiambia haikumwagika, ulinifanya niamini kwamba najua, nami ningeendelea na somo. Na mama yako angewasha ule moto kwa mkono wake mwenyewe, huku anampenda Mabula kuliko kitu chochote. Uongo ndivyo unavyofanya. Unawafanya watu wema watende mabaya bila kujua. Siku ile ulisimama ukasema kweli mbele ya watu waliokuwa wanakusifu. Endelea kukisia, Mageni. Na ukiulizwa, sema kweli mara ya kwanza."

"Nimesikia, mwalimu," alisema Mageni, akampokea Mabula kutoka kwa Valerian.