Chetezo cha Dohanini

Jiko jipya lilikuwa halijawashwa hata mara moja, lakini tofali la kwanza lilipobanduka kwenye dohani ya zamani, sebule nzima ikanuka ubani. Mwatumu akanusa, akanusa tena. Ubani nyumbani mwake ulikwisha tangu Ramadhani.

"Karimu, umefukiza?" akamuuliza mumewe.

"Nifukize nini, na mafua haya?"

Haya, asije mtu akamlaumu Mwatumu kwa kutaka jiko la kuni. Juni ya Johannesburg haina mchezo, umeme wa mtaa wao wa Mayfair huja ukipenda, na binti yake Mayasa, mtoto wa miezi saba, alikuwa anakoroma kifuani tangu baridi ianze. Daktari alimwambia maneno mawili tu: mtoto asipigwe na baridi, na asivute moshi. Ndiyo maana akamwita fundi wa kweli, Alexis, Mkongo wa Bukavu, mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata. Alexis aliliweka jiko mbali na ukuta, akasimamisha bati nyuma yake, akatundika king'ora cha kunusa hewa ya sumu. Bomba, alisema, litapanda ndani ya dohani hadi lipite mgongo wa paa, na kila kiungo kizibwe, moshi usipate pa kupenya.

Tatizo, waliokaa zamani walikuwa wameiziba dohani kwa matofali. Alexis akayabomoa, akaingiza mkono, akauchomoa upesi.

"Mama, humu muko kitu."

Kilikuwa chetezo cha udongo, kimefudikizwa juu ya kipande cha kaniki.

"Mimi siguse hiyo. Watu walifunga yao, tuwaachie."

"Eish, Alexis! Ni chetezo tu. Kwetu Tanga kila nyumba inacho."

Alijua, jamani. Alijua fika kwamba chetezo hakifudikizwi ukutani bila sababu. Lakini chake kilivunjika safarini, na mwanamke gani wa pwani atatupa chetezo kizima? Akakiosha. Alasiri, Alexis akiwa juu ya paa, Mwatumu akanunua ubani duka la Msomali, akatia makaa, akafukiza nguo za Mayasa kama yeye mwenyewe alivyofukiziwa na mama yake, akamvisha zikiwa bado na joto.

Magharibi wakawasha. "Moto mudogo kwanza," Alexis akaonya, "na dirisha wazi." Moshi ukapanda vizuri. Karimu akapiga makofi.

Kisha bomba likavuta pumzi.

Si upepo. Upepo ungetikisa bati la paa, na paa lilikuwa limetulia. Bomba lilivuta, likakaa, likashusha, na Mwatumu, aliyekuwa amempakata Mayasa, akahisi kifua cha mtoto kikipanda bomba lilipovuta, kikishuka liliposhusha, na bomba lilipokaa kimya, kimya kirefu, mtoto naye akakaa kimya, midomo ikaanza kugeuka rangi, na moshi ukashuka badala ya kupanda, ukatoka mlangoni mwa jiko mweupe wenye harufu ya ubani, ukatambaa sakafuni ukiipita miguu ya Karimu, ukiipita miguu ya Alexis, ukapanda kwenye khanga ya Mwatumu, taratibu, hadi kwenye zile nguo alizozifukiza.

King'ora kikalia. Wakatimka uani. Huko nje Mayasa akakohoa, akapumua. Mwatumu akaangua kilio.

Alexis akapanda paa na tochi, akashuka. "Bomba iko safi. Hakuna kitu kinaziba. Mama, hii haiko kazi ya fundi."

Karimu akakimbia msikitini, akarudi na Mwalimu Muhammad. Mwalimu alikitazama chetezo bila kukigusa, akanong'ona, "Nani alikifudua?"

"Mimi," Mwatumu akajibu.

"Ukatia ubani?"

"Nikamfukizia mtoto."

Mwalimu akafumba macho. "Jini wa humu alifungiwa na njaa yake, mama. Wewe umemlisha, tena kwenye nguo za mtoto. Amedhani ndiyo sahani yake."

Akasoma hadi sauti ikamkauka. Wakakifudikiza chetezo juu ya kaniki yake, zile nguo zikawekwa kando yake, na Alexis akayarudisha matofali huku akisali sala zake za Kikristo kwa chini. Ndani ya ukuta kitu kikagonga mara moja, kikaacha. Kesho yake Alexis akalitoa bomba kupitia ukuta mwingine, mbali kabisa na dohani.

Asubuhi ya tatu jiko lilikuwa linawaka vizuri na king'ora kiko kimya. Na kifua cha Mayasa, alhamdulillahi, hakikoromi! Mwatumu alifurahi hata akacheza naye sebuleni, kisha akamtoa uani kumwonyesha barafu kwenye majani. Baridi ilikuwa kali. Pumzi ya Mwatumu ikatoka nyeupe, ikayeyuka. Ya Karimu ikatoka nyeupe, ikayeyuka.

Mayasa akacheka. Pumzi yake nayo ikatoka, lakini haikuyeyuka. Ilining'inia, ikajikunja, ikapanda polepole hadi ikaupita mgongo wa paa. Mwatumu akainamisha uso amnuse mwanawe kinywani, akimwomba Mungu iwe harufu ya maziwa.

Ulikuwa ubani.