Mlango Uliogoma Kufunga

Mume wangu ni seremala. Katika nyumba yetu ya zamani, maranda yalitapakaa kutoka kitandani hadi jikoni. Asubuhi nilifagia, mchana yeye alichafua, jioni nilimsema. Tuliishi hivyo miaka kumi na mitano. Leo ningetoa chochote nifagie tena maranda kwenye sakafu ile.

Nyumba ilikuwa mlimani, juu ya mto. Mlango wa mbele mume wangu aliutengeneza kwa mikono yake tulipooana. Ulikuwa mzito, lakini ulifungika kwa kidole kimoja. Nyuma ya mlango kulikuwa na mistari kumi ya penseli. Kila mwaka binti yetu alisimama pale wima, na baba yake akapima urefu wake.

Binti yetu tunamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Huongea akila, huongea akiosha vyombo, huongea hata usingizini. Siku kimbunga kilipokuja hakuwa nyumbani. Alikuwa ng'ambo ya mto, kwa shangazi yake.

Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Upepo uling'oa mabati ya jiko. Siku ya pili mto ulibeba daraja. Mnara wa simu nao ulianguka. Siku ya nne jua lilitoka. Tulitoka nje, tukautazama mto. Ulikuwa mpana, mwekundu, unabeba miti mizima. Tuliita jina la mtoto wetu, mimi na baba yake, mpaka sauti zikakauka. Maji yalikuwa na kelele kuliko sisi.

Nyumba ikawa kimya. Sikujua kama kimya kinaweza kuuma. Kila asubuhi nilitandika kitanda cha Chiriku, ingawa hakuna aliyekilalia.

Asubuhi ileile ya jua, mlango uligoma kufunga.

"Mbao imekunywa maji," alisema mume wangu. Akachukua randa, akapunguza pembe ya juu. Mlango ukafunga.

Kesho yake ukagoma tena. Akapiga randa tena. Siku ya tatu, hivyohivyo.

"Baba Chiriku," nilimtania, "ukiendelea hivi utabaki na kijiti cha kuchokolea meno."

"Wewe kafagie," alisema. Lakini hakucheka.

Siku ya tano ya jua niliona ufa sakafuni, kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda cha mtoto. Mume wangu alikoroga saruji. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, akauziba vizuri sana. Kwa kazi za mikono huwezi kumlaumu. Siku ya sita ufa ulifunguka pembeni mwa saruji.

Siku ya saba alikuja jirani yetu, Mama Vigingi. Yeye ni msimamizi wa vibarua wa barabara. Tunamwita hivyo kwa sababu hatembei bila nyundo, kamba na mfuko wa vigingi. Alifundishwa kazini jinsi milima inavyobomoka. Tangu kimbunga alikuwa akipita nyumba kwa nyumba.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Mama Vigingi. Sukuma kwa nguvu, mlango umekaza."

Alisukuma kwa bega, akaingia. Hakukaa. Aliutazama mlango juu, akautazama chini.

"Fundi, mlango huu una nini?"

"Umevimba. Mvua."

"Jua limewaka siku ngapi sasa?"

"Saba."

"Mimi si seremala. Nifundishe. Mbao ikipigwa na jua siku saba, inavimba au inapungua?"

Mume wangu alipitisha kidole kwenye ukingo wa mlango.

"Inapungua," alisema polepole.

"Basi mlango wako hauna kosa. Leta timazi."

Timazi ni uzi wenye kitu kizito mwishoni. Fundi huuning'iniza ili ajue kama ukuta umesimama wima. Mume wangu aliuning'iniza juu ya fremu. Juu, uzi uligusa mbao. Chini, uliachana na mbao upana wa kiganja. Fremu ile aliisimamisha yeye mwenyewe, na mume wangu hasimamishi kitu kikiwa kimepinda. Nilimwona uso ukimbadilika.

"Nyumba imeinama," alisema.

"Nyumba inafuata ardhi," alisema Mama Vigingi. "Ardhi imeshiba maji. Jua limekausha juu tu, chini bado ni tope. Kipande hiki cha mlima kinateremka polepole. Njooni nyuma."

Nyuma ya nyumba, katikati ya mahindi, kulikuwa na ufa mrefu. Tulikuwa tumeuona, tukadhani maji yamechimba. Mama Vigingi alipiga kigingi upande wa juu wa ufa, na kingine upande wa chini. Akampa mume wangu kamba.

"Pima kutoka kigingi hadi kigingi. Funga fundo."

Alipima, akafunga fundo.

"Tazameni na mengine," aliendelea. "Mgomba ule ulikuwa umelala hivyo? Nguzo ya uzio je? Na chemchemi yenu inatoa maji gani?"

"Ya tope," nilisema. "Tangu juzi. Na mvua haijanyesha."

"Hizo zote ni dalili. Milango inakaza. Kuta na sakafu zinapasuka. Miti na nguzo zinainama. Maji yanachafuka, au yanatokea mahali ambapo hayakuwepo. Ukiona mojawapo, uliza. Ukiziona zote, ondoka."

"Nitaziba ufa huu," alisema mume wangu. "Nitajaza mawe."

"Fundi, ufa wa ukuta unazibwa. Ufa wa mlima unakimbiwa. Nendeni shuleni. Pale ni mgongo wa mlima, shule imekaa juu ya mwamba. Msiteremke bondeni, wala msifuate kijito. Udongo ukianguka hupita hukohuko. Nendeni kwa pembeni. Na mkisikia mlima unanguruma, au mkiona kijito kimepungua ghafla, acheni kila kitu mkimbie."

Mume wangu alikaa juu ya kizingiti. Akaweka kichwa mikononi.

"Siendi," alisema.

"Baba Chiriku!"

"Siendi, mke wangu. Mtoto anajua nyumba moja tu. Akivuka, atakuja hapa. Akikuta pamefungwa, atasema wazazi wangu wamekufa. Nimesema nitamsubiri hapa."

Sikuweza kumkemea, kwa sababu na mimi nilikuwa nasubiri palepale. Sababu ya kukitandika kitanda kila asubuhi ilikuwa hiyo. Nilitaka aingie, atupe mfuko wake, aanze kelele zake kabla hajavua viatu. Nikaanza kulia mbele ya jirani, sikuona haya.

Mama Vigingi akasema kwa upole:

"Niwaulize. Mnataka akute nyumba, au akute wazazi?"

Nilifuta machozi kwa khanga.

"Na jingine. Akija kweli, akaingia humu, mlima ukaondoka naye ndani?"

Mume wangu aliinua kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria. Wala mimi.

Alikwenda kupima tena kwenye vigingi. Jua lilikuwa limesogea kidogo tu. Aliivuta kamba. Fundo halikufika kwenye kigingi cha pili. Lilipungua kwa upana wa vidole viwili.

Alirudi, akachukua bisibisi, akaanza kufungua bawaba.

"Unafanya nini?"

"Nauchukua mlango."

"Watu wanaokoa unga, wewe unaokoa mlango?"

"Unga beba wewe," alisema. "Mlango una kazi."

Tulitoka na unga, blanketi, sufuria, vyeti na mbuzi wetu mmoja. Mama Vigingi alishika upande mmoja wa mlango, mume wangu upande mwingine. Njiani waliita majirani wa mteremko ule. Wengine walitoka mara moja. Mzee mmoja alisema amezaliwa pale na mlima haujawahi kumdhuru. Mume wangu alimwuliza, "Milango yako inafunga?" Mzee akaingia ndani, akatoka na fimbo na redio yake.

Kwa kupita pembeni tulifika njia panda, nje ya mteremko ule, mahali ambapo njia ya kwetu inaachana na barabara. Kila anayetoka mtoni hupita hapo. Kuna jiwe kubwa, na ardhi yake ni ngumu. Waliusimamisha mlango, wakauegemeza kwenye jiwe. Mume wangu alitoa rangi aliyokuwa akipakia viti. Akaandika kwa herufi kubwa:

CHIRIKU, USIPANDE NYUMBANI. MLIMA UNATEMBEA. TUPO SHULENI.

Akanipa brashi.

"Andika na wewe."

Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, nikiwa tayari na mtoto. Chiriku ndiye aliyenishika mkono nilipoandika herufi ya kwanza. Niliandika: MAMA YUPO. BABA YUPO.

Siku iliyofuata, saa mbili asubuhi, mvua ndogo ilianza. Tulikuwa tumekaa darasani, kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Tukasikia mngurumo. Haukuwa wa radi, ulitoka chini ya miguu. Tulikimbilia dirishani. Mteremko wetu ulijikunja, kisha ukateremka wote kwa pamoja, mahindi, migomba na mapaa ya nyumba, hadi mtoni. Nilihesabu hadi ishirini, ukawa umekwisha. Mahali pa nyumba yetu palikuwa na udongo mwekundu mtupu.

Tulihesabiana. Kaya tisa. Watu wote walikuwepo. Yule mzee alikaa chini, akaikumbatia redio yake.

Mume wangu hakulia siku ile. Alilia kesho yake, alipopata vumbi la mbao ndani ya mfuko wa suruali.

Tukaanza kusubiri upya. Wiki mbili. Mume wangu alitengeneza meza za jiko la shule, kila baada ya misumari mitatu alitazama barabarani. Mama Vigingi na wenzake walikuwa mtoni, wanafunga daraja la kamba. Alitukataza kuvuka kabla halijakamilika. "Maji ya magotini yanaangusha mtu mzima," alisema. "Subira."

Kuna subira ya kusema na subira ya kusubiri. Hii ya pili ni ngumu.

Siku ya kumi na tano nilikuwa naosha sufuria. Nikasikia sauti kwa mbali, inaongea peke yake, haipumziki.

"...halafu shangazi akasema nisiende, nikamwambia nakwenda, sasa hivi viatu vyangu vimeharibika, na mlango wetu mmeuacha barabarani?"

Sufuria ilinitoka mkononi. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka tu kwamba nilimshika kichwa kwa mikono miwili, na baba yake akatushika wote wawili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Chiriku alinyamaza.

Baadaye alituambia. Alipovuka daraja jipya la kamba aliinua macho mlimani, akaona udongo mtupu. Akakaa barabarani. "Nilisema, basi, nimebaki peke yangu," alisema. "Kisha nikauona mlango. Nikadhani umeletwa na maporomoko. Nikasoma. Mama, ule mstari wako niliusoma labda mara hamsini."

Sasa tuna nyumba nyingine, ndogo, karibu na shule. Kabla ya kujenga, Mama Vigingi alikuja kutazama ardhi na kutuonyesha mahali pa kuchimba mtaro, maji ya mvua yasiingie chini ya msingi. Mlango ni uleule. Mume wangu aliongeza kipande cha mbao pale alipokuwa amepunguza kwa randa, na kipande hicho kina rangi tofauti. Maandishi hakuyafuta. Kuna mistari kumi na mmoja sasa.

Bado naikumbuka nyumba ya zamani. Naikumbuka kila siku, na sidhani nitaacha. Lakini mvua ikinyesha, mume wangu huinuka, huufungua mlango, kisha huufunga kwa kidole kimoja.

"Unafunga," husema.

Na Chiriku, ambaye alikuwa anaongea, huendelea kuongea.